Kola Sitini

Nilirudi kazini Jumatano asubuhi kutoka semina ya uongozi nikiwa na cheti, daftari jipya na kalamu ya bure, na mtu wa kwanza niliyemwona mlangoni pa karakana ni dereva wetu. Alikuwa anashusha kutoka kwenye gari mifuko ya sare ambayo Jumatatu aliipakia kuipeleka hospitali. Anashusha, jamani, hapakii.

"Wewe," nikamwambia, "mbona unafanya kazi kinyumenyume?"

Akanitazama kwa huruma. Huruma ya dereva yule naijua vizuri, haijawahi kuniletea heri hata siku moja.

"Zimerudi, mama. Zote sitini. Kola zinang'oka."

Lo! Kola zinang'oka! Nimesimamia karakana ile ya kushona sare miaka minane, tumeshonea shule, hoteli na walinzi, na haijapata kutokea kola yetu hata moja ikaacha shingo ya mtu. Nilifungua mfuko palepale nje, nikatoa gauni la nesi, jeupe, limepigwa pasi vizuri, nikaishika kola kwa vidole viwili nikavuta kidogo tu, kama mtu anayemenya peremende. Ikabaki mkononi mwangu. Nikatoa la pili, hivyo hivyo. La tatu sikuligusa, maana dereva alikuwa ananihesabia kwa sauti na mkono ulishaanza kuniwasha.

Akanisimulia mkasa wote, kwa raha zake. Manesi walizivaa Jumanne. Muuguzi mkuu akainama kumchoma mgonjwa sindano, kola ikamwachia, ikadondoka kwenye trei ya dawa mbele ya wodi nzima. Mgonjwa aliyekuwa hajacheka tangu alazwe akacheka mpaka mshono ukamuuma. Dereva naye akataka kucheka, akaniona uso, akaona bora arudi kwenye mifuko yake.

Sijaweka hata mkoba chini, bosi akaniita. Ofisi yake iko juu, unapanda ngazi ya chuma, na sauti yake haijawahi kuhitaji simu. Alikuwa na karatasi ya kutolea mzigo mezani, na chini yake saini yangu.

"Hii saini yako," akasema.

"Yangu."

"Jumatatu ulikuwa semina."

"Nilikuwa semina."

Ikabidi nimweleze. Kabla sijaondoka nilisaini karatasi tano tupu nikaziacha kwenye droo, ili mzigo usikwame. Kwa nini sikumpa mtu mwingine ruhusa ya kusaini? Kwa sababu saini ni jambo la kuaminiana, na mimi nilikuwa sijaona wa kumwamini. Nilimwambia hivyo kwa fahari kabisa, mjinga mimi.

Bosi akafuta miwani yake. "Basi nataka jina moja. Yule aliyechukua karatasi akautoa mzigo. Niletee kabla ya saa kumi, na kesho asije. Hospitali wametupa mpaka Ijumaa. Na wewe juzi nimekulipia ukajifunze kuwatia moyo wafanyakazi! Ndio moyo huu?"

Nikashuka ile ngazi kwa kishindo. Kwa hasira, si kwa woga. Halafu nikafika kipandio cha mwisho, woga nao ukanifikia, kwa sababu jina nililijua. Nisipokuwepo mimi, mzigo anautoa Wifi.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Nina kaka mmoja tu duniani. Miaka miwili iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akaumia mgongo, na tangu siku hiyo anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, anawasaidia watoto wake watatu hesabu za shule na kugombana na redio. Nyumba ile inakula kwa mikono ya Wifi. Mimi ndiye niliyemleta karakana, mimi ndiye niliyemwapia kaka kwamba mkeo kwangu yuko salama. Sasa nimeambiwa nimwandike jina, nimpeleke juu, nimtimue. Na saa ya ukutani inasema saa mbili na nusu.

Nikasema ngoja, mimi mtu wa semina. Nikawaita mafundi wote tisa, nikawaambia wapange viti duara. Mwezeshaji wetu, kijana mwenye viatu vya ncha kali, alitusisitiza siku mbili nzima: ukitaka kuzungumza na watu wako, kaa nao duara, na anza na sifa. Viti vyenyewe vya karakana vimefungwa mito ya vitambaa, kila mtu na chake, na kulipanga duara lile kati ya vyerehani kulichukua dakika kumi. Nikakaa. Kola mbili zimo mkononi mwangu.

"Kwanza kabisa," nikaanza, "ningependa kuwapongeza."

Fundi wa vifungo akajishika shavu. Huyu tunamwita Kimya kwa sababu hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe, hata akiwa na vifungo vinne mdomoni anaimba. Siku ile hakuimba.

"Nawapongeza kwa... kwa kuwahi kufika." Nikajaribu kutabasamu. Wacha wee! Sifa ya pili sikuipata, damu ikanichemka, semina yote ikanitoka kichwani. Nikazitupa kola katikati ya duara. "Nani kashona takataka hizi?"

Wakatazamana. Kimya ndiye aliyejibu.

"Sote, mama."

"Sote! Mlikuwa mmelewa?"

"Hapana. Ndivyo tunavyoshona."

"Tangu lini mnashona kola kwa mishono mirefu kama ya kushikizia? Hii hata mtoto wa darasa la pili anaona haishiki!"

"Tangu..." akamtazama mwenzake, "kama mwaka hivi."

"Mwaka mzima! Na mbona hazikung'oka mwaka mzima?"

Kimya akainamisha kichwa. Akasema polepole, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: "Kwa sababu huwa unazifumua, mama. Tukaona tukurahisishie."

Hapo lazima nieleze, msije mkaniona mchawi. Mimi nafika karakana saa kumi na mbili asubuhi, saa nzima kabla ya wengine. Napitia kazi yote ya jana. Kola isiyonipendeza naifumua, naishona upya, naitundika. Na niseme ukweli, zinazonipendeza ni chache. Sijawahi kumfokea mtu kwa kola mbaya, sijawahi kumwaibisha mbele ya wenzake. Mtu anaingia saa moja, anakuta kazi yake imenyooka, maisha yanaendelea. Nilijihesabu mwema. Nilikuwa najisemea, hawa watu wana bahati ya kunipata.

Kumbe wao walikuwa na hesabu yao. Mwanzoni walijitahidi kushona vizuri zaidi. Nikafumua. Wakajitahidi tena. Nikafumua. Siku moja nikafumua kola iliyoshonwa imara, wembe ukateleza, kitambaa kikachanika, nikanuna mchana kutwa nikisema nani ameshona kwa nguvu hivi. Ndipo walipokata shauri, bila hata kuitana kikao. Wakaanza kushikizia tu, mishono mirefu, uzi uvutike kwa mkono mmoja. Kazi halisi ya kola wakaniachia mimi. Na nyuma ya mgongo wangu wananiita Mama Fumua. Hilo nalo Kimya alilitoa palepale, hakuna aliyemuuliza.

"Sasa Jumatatu," nikauliza, "hamkujua sipo?"

Wifi akajibu kwa mara ya kwanza. "Nilijua uko semina. Lakini kola tulizitia Jumamosi, na nilijua umepita alfajiri ya Jumatatu kabla ya kwenda. Hujawahi kukosa hata siku moja, wifi. Hata siku ya msiba wa mama ulipita."

Ni kweli, siku ya msiba nilipita. Ila Jumatatu sikupita. Hoteli ya semina iko upande mwingine kabisa, na walituambia chai ya asubuhi iko tayari saa moja, na mimi, Mungu anisamehe, nikaitamani chai ya hoteli.

Nikawaambia warudi kwenye vyerehani, waanze kufumua wenyewe zile sitini. Wifi nikamvuta mpaka kwenye meza ya pasi, nyuma ya mapazia ya sare zilizotundikwa. Meza ilikuwa bado ya moto, tukasimama bila kuiegemea.

"Bosi anataka jina la aliyetoa mzigo," nikamwambia. "Kabla ya saa kumi. Kesho asije."

Akakunja uso kidogo tu. "Mpe langu basi. Si mimi niliyeutoa?"

"Usinitie kisirani asubuhi yote hii!"

"Sikutii kisirani. Unataka umpe la nani? La Kimya?"

"Wewe unajua kaka atakula nini?"

"Najua kuliko wewe, maana mimi ndiye ninayempikia." Akachukua kola moja iliyokuwa mezani akaanza kuinyoosha kwa kiganja. Alipoendelea alikuwa hanitazami. "Wifi, nikuulize kitu. Niambie kola yangu moja, moja tu, iliyotoka hapa kama nilivyoishona mimi."

Nilipekua kichwa changu chote, mwaka huu, mwaka jana, sikuiona.

"Hazikuwa nzuri," nikasema.

"Mbaya wapi?"

"Zilikuwa... zinapinda huku pembeni."

"Uliwahi kuniambia?"

Nilikasirika sana, na wa kumkasirikia sikumpata, nikawa nahamisha pasi kutoka upande huu wa meza kwenda ule.

"Kaka yako kila jioni ananiuliza, leo umeshona nini," Wifi akasema. "Yeye hatoki, anataka habari. Namwambia sijui. Anadhani namkatisha maneno kwa sababu nimechoka. Lakini kweli sijui, wifi. Nikishona leo, kesho asubuhi nakuta mkono wako. Mimi hapa nakuja kukaa, sio kushona. Na kukaa bure kunachosha kuliko kazi, usione hivi."

Akaniachia ile kola mkononi, akaenda zake.

Nilikaa kwenye kibanda changu mpaka saa sita, mlango nimefunga. Nikafungua daftari la semina. Kuna duara tatu zilizoingiliana, sikumbuki hata moja ilikuwa ya nini. Kuna "mfanyakazi bora wa mwezi, picha ukutani". Kuna "sanduku la maoni". Kuna "tabasamu", nimelipigia mstari mara mbili, sijui nilikuwa na wazimu gani. Kurasa kumi na nne za namna ya kuwaongezea watu moyo, wala hapana mstari mmoja unaomwambia msimamizi aangalie kwanza kama si yeye anayewavunja moyo. Nikalirusha ukutani. Likaangukia ndani ya kikapu cha mabaki ya vitambaa, nikaliacha humo.

Saa tisa na nusu nikapanda ngazi ya chuma.

"Jina," akasema bosi, kalamu mkononi.

Nikamtajia majina yangu, yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti.

"Usinichezee. Wewe hukuwepo."

"Ndiyo shida yenyewe, bosi. Kola za hapa zinashika nikiwepo mimi tu. Nimewafundisha watu tisa kwamba kazi yao si kazi mpaka nimeirudia. Wakaacha kuifanya. Hata ungekuwa wewe, ungeacha."

"Mimi naomba aliyetoa mzigo."

"Mzigo umetoka kwa saini yangu. Nimesaini karatasi tupu, nimesaini kola ambazo hazijashonwa. Kuna mtu mwingine hapo?"

Akanikazia macho. Mimi nikamkazia. Bosi si mtu mbaya, ila hawajui watu wake, anajua idadi yao. Nilitegemea anisamehe kwa ajili ya miaka minane, aseme haya, yaishe, rudi ukasimamie. Nakiri nilitegemea hivyo. Nilikuwa nimepiga moyo konde huku pembeni nikijua hana wa kumweka nafasi yangu.

"Sawa," akasema, akaandika. "Kukufukuza sikufukuzi, mikono yako naihitaji Ijumaa. Lakini kuanzia kesho unarudi kwenye cherehani. Nani atasimamia?"

Ebo! Hata hakupepesa. Majina tisa yalinipita kichwani, na nafsi yangu ya zamani ikayakataa yote, huyu mzembe, huyu msahaulifu, huyu anaimba. Nikasema, "Fundi aliyenieleza ukweli leo. Mke wa kaka yangu."

"Unanipa ndugu yako?"

"Ndiyo. Na si kwa undugu. Kwa undugu ningemficha."

"Mwezi mmoja," akasema. "Ikirudi tena kola hata moja, mnaondoka wote wawili."

Basi Alhamisi nikaingia karakana saa moja, pamoja na watu. Sikuwa najua saa moja kuna foleni mlangoni, wala kwamba watu hutaniana vile. Niliponyamaziwa nikajua nani alikuwa anataniwa. Nikapewa cherehani cha pembeni, kile kinachoruka mshono ukikikanyaga kwa pupa, jirani yangu Kimya. Aliimba wimbo mmoja asubuhi nzima, ubeti mmoja, na maneno yenyewe alikuwa anayakosea. Nilitaka kulia.

Wifi hakuweka duara. Alipita kwa kila mtu na rundo la gauni, akamwonyesha kola moja, akasema hapa panataka mishono midogo, hapa kwenye kona geuza polepole, una swali? Watu walikuwa na maswali! Miaka minane hawakuniuliza kitu, leo kila mtu ana swali. Binti wa mikono, yule anayetia mikono ya magauni, alishona kola ya kwanza ikapinda. Mimi niliiona kutoka kule kwenye kona yangu, mkono ukanicheza, nikanyanyuka nusu ya kiti. Dakika tatu tu ningeinyoosha! Wifi akaichukua, akamwekea yule binti kidole palipopinda, akamrudishia. Binti akafumua mwenyewe. Ilimchukua robo saa. Robo saa, jamani, na Ijumaa ndiyo hiyo inakuja! Nilikaa chini huku nasaga meno. Kola yake ya pili ilipinda kidogo. Ya tano ilinyooka, akaishikilia juu kwenye mwanga wa dirisha akaizungusha, wala hakumwonyesha mtu, alikuwa anaitazama mwenyewe tu.

Mimi nilipewa saba. Nilizishona kama nilivyozoea, haraka, macho yangu yako kwenye kola za watu. Ijumaa saa nne dereva akarudisha gari mlangoni, safari hii kinyumenyume kwa ajili ya kupakia. Wifi akasimama na mfuko, mafundi wakapanga mstari, kila mtu na rundo lake. Kimya akatia zake. Binti wa mikono akatia zake. Nikafika mimi, nikainyoosha mikono yangu na zile saba, nikangoja.

Wifi akaufungua mdomo wa mfuko. "Weka."

Nikabaki nimezishika. "Hukagui?"

"Nikague nini, wifi? Kwani hujui kushona?"

Hakuwa ananikejeli. Laiti angekuwa ananikejeli, ningemjibu, nina majibu ya kutosha. Alikuwa ananiuliza kweli, macho makavu, mfuko wazi, na bosi kule juu amesimama dirishani, na kaka yangu nyumbani, na kazi yake yeye na yangu mimi zote zimo humo ndani pamoja na manesi. Nikajisikia joto linanipanda shingoni mpaka masikioni. Miaka minane mtu yeyote hakuwahi kupokea kazi kutoka kwangu bila mimi mwenyewe kuipitia kwanza kwa wembe, na mimi sikuwahi kuipokea ya mtu yeyote kama alivyonipa.

Nikayarudisha yale magauni kifuani kwangu.

"Nipe dakika kumi," nikamwambia. "Kuna mawili sina uhakika nayo."